Msiwe Manamba Ndani ya Nyumba Zenu

Wanangu mnaoandika programu za kompyuta ugenini, mlioko Berlin, Stockholm, Toronto, Seattle na miji mingine ambayo sisi wa huku tumeyajua majina yake kwa sababu yenu, nawasalimu kutoka Kabanga, hapa Kasulu. Kwa desturi ya Kiha salamu hii ingekuwa ndefu: tungepiga makofi, tungeulizana habari za nyumba, za mifugo na za mvua, kisha tungerudia tena. Lakini najua mna haraka. Hiyo haraka yenu ndiyo iliyonishikisha kalamu.

Mimi nimezeeka nikifundisha walimu. Chuo cha Ualimu cha Kabanga kipo karibu na ninapoketi, na vijana waliopita mikononi mwangu wamefundisha hesabu na sayansi katika shule za Kasulu, Kibondo, Kakonko na Buhigwe. Baadhi yenu mlianza kuhesabu mbele ya ubao wao. Programu sijui kuandika wala sitajifanya najua. Ninachokijua ni namna mtoto anavyojifunza kusema, na ninaijua historia ya watu wa vilima hivi waliokwenda kutafuta kazi mbali. Kwa hayo mawili tu naomba mnipe masikio.

Ninyi si watu wa kwanza wa huku kuifuata kazi nchi ya mbali. Wajerumani walianza kuijenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, na mwaka 1914 ikafika Kigoma. Tangu hapo njia ya kuwatoa wanaume wa Uha, nchi yetu hii sisi Waha, ikawa wazi. Mkonge, ule ulioletwa na Mjerumani Richard Hindorf kutoka Florida mwaka 1893, ulikuwa umetapakaa Tanga, Korogwe na Morogoro, na mashamba yale yalikuwa na njaa ya mikono. Wakaja Waingereza, nchi yetu ikaachwa karibu bila zao la biashara, na kodi ikadaiwa vilevile. Mwanamume aliyetaka fedha ya kodi na ya shuka la mkewe hakuwa na budi apande treni. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda ofisi yao ya kuajiri, SILABU, ambayo mawakala wake waliwakusanya vijana Kasulu na Kibondo na kuwapeleka mashariki.

Hao ndio manamba. Kila mmoja alipewa kipande, kadi yenye nafasi 30, na kila siku aliyomaliza kipimo chake cha kukata mkonge ilitiwa alama. Zikijaa 30 analipwa. Siku aliyoumwa haikuhesabiwa. Kijana mmoja wa Kasulu aliponieleza jinsi kazi zenu zinavyogawanywa kwa tiketi, tiketi moja ikifungwa nyingine inafunguliwa, na kila baada ya wiki mbili mnakaa kuhesabu mlizomaliza, nilicheka mpaka akaniuliza kulikoni.

Baba yangu mzazi alikuwa mmoja wao. Alikata mkonge Korogwe, na aliporudi nilijificha nyuma ya bibi, maana sikumjua. Lakini hapa nisikilizeni vizuri. Baba nilikuwa simjui, ila Kiha chake nilikuwa nacho chote. Habari za ukoo wake nilikuwa nazo, majina ya babu zake, mbuzi waliochinjwa siku ya arusi yake, ugomvi wake na kaka yake juu ya shamba la bondeni. Nilivipata wapi? Kwa bibi, kwa shangazi, kwa baba mdogo, kwa mzee jirani aliyekuwa akisuka vikapu na kusimulia bila kuombwa. Kilima kizima kilisema nami. Baba aliniacha kwenye kelele, na kelele ile ikanilea.

Ninyi mmefanya kinyume. Mtoto mmemchukua, mmemtoa kilimani, mmempeleka kwenye fleti ya ghorofa ya nne ambako jirani hajui jina lenu. Halafu, mkiwa humohumo ndani, mkaenda Korogwe.

Hilo ndilo onyo langu. Sisemi msiifanye kazi hiyo. Ni kazi nzuri, ya akili, yenye mshahara ambao mwalimu wa huku hawezi kuuota, na nimeona ilivyosomesha wadogo zenu na kuezeka nyumba za mama zenu. Nasema kazi hiyo ina tabia moja ambayo kazi nyingine hazina kwa kiwango hicho: ni ya ukimya. Mtu anaifanya akiwa amenyamaza, masikio yameziba kwa vile vidude vya muziki, macho yametua mahali pamoja, na hata akisimama kwenda jikoni akili yake imebaki ndani ya mashine. Kazi ya namna hiyo haimchukui mzazi mwili. Inamchukua mdomo na sikio. Na ugenini, mdomo na sikio la mzazi ndio ukoo mzima wa mtoto.

Kuna watu wanapozungumzia kazi na malezi hukimbilia kusema mshika mbili moja humponyoka. Kwa habari ya kulea, methali hiyo siikubali. Mama zetu wameshika mbili maisha yao yote, mtoto mgongoni kwenye mbeleko na jembe mkononi, na hakuna kilichoponyoka. Tazameni kilichokuwa kikitendeka pale. Mtoto aliyebebwa alisikia mama akipiga soga na mwenzake wa tuta la pili. Akifika miaka mitatu alipewa kijembe chake cha kuchezea udongo. Akifika sita alifukuza ngedere kwenye mahindi na kujiona mtu mzima. Alijua mama anafanya nini, kwa sababu gani, na chakula cha jioni kimetoka wapi. Mtoto wa mwandishi wa programu anaona mgongo na mwanga. Akiulizwa shuleni baba yako anafanya kazi gani, anajibu kwamba anatazama kompyuta. Na yeye akiitazama hiyo kompyuta anagombezwa.

Sasa niseme kuhusu lugha, ambayo ndiyo fani yangu. Mwaka 2003 mtaalamu Patricia Kuhl na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, walichapisha matokeo ya jaribio ambalo ningependa kila mzazi aliye ugenini alijue. Waliwachukua watoto wa Kimarekani wa miezi 9 ambao nyumbani walisikia Kiingereza tu. Kundi moja lilikaa na wasemaji wa Kichina cha Mandarini, waliowasomea vitabu na kucheza nao kwa vipindi 12 vya dakika kama 25 kila kimoja. Vilipokwisha, watoto hao waliweza kutofautisha sauti za Kichina ambazo wenzao waliosikia Kiingereza pekee walikuwa hawazitofautishi vizuri. Kundi jingine lilipewa Kichina hichohicho, kutoka kwa watu walewale, ila kwa televisheni. Halikupata kitu. Wengine walisikilizishwa sauti bila picha. Nao wakatoka patupu.

Pigeni hesabu, maana hesabu mnaijua kuliko mimi. Vipindi 12 vya dakika 25 ni saa tano. Saa tano za mtu hai aliyeketi sakafuni na mtoto, akimtazama usoni, zilifanya kazi ambayo mashine haikuifanya kwa saa hizohizo. Na jaribio hilo halikufanyika Kabanga, mkaniambia ni mambo ya kizamani. Limefanyika Seattle, mji wa Amazon, jirani na Redmond kwenye makao ya Microsoft, huko huko ambako wengi wenu mnaota kuajiriwa.

Kwa hiyo mtu akiniambia mwanawe anakijua Kiswahili kwa sababu anamwekea katuni, namwuliza swali moja. Katuni za Ubongo Kids, zinazotengenezwa Dar es Salaam, nazipenda, na wajukuu zangu wa hapa wanazitazama kila zinapopatikana. Lakini hawa wakimaliza kutazama hutoka nje wakabishana juu yake na watoto wa jirani mpaka giza linaingia. Wa kwenu akimaliza, anabishana na nani? Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 kwamba mtoto wa miaka miwili hadi minne asikae mbele ya skrini zaidi ya saa moja kwa siku, na aliye chini ya hapo asikae kabisa. Nyumba ambayo kila mtu mzima anakaa mbele ya skrini saa kumi, mtoto atauelewaje mwongozo huo?

Vivyo hivyo sherehe. Tangu UNESCO ilipoitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, hapo mwaka 2021, naletewa picha za watoto wenu wamevishwa kanga na kusimamishwa mbele ya bendera. Wanapendeza. Nikipiga simu kuwapongeza, mtoto ananiitikia kwa Kiingereza, na baba yake anacheka kana kwamba ni kichekesho.

Mkitaka kuona walioshinda jambo hili, msitazame mbali. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 humuhumu Kasulu kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita, na familia nyingi kutoka kambini humo zimehamishiwa Marekani. Watu hao hawakwenda na shahada za kompyuta. Wengi wameishia kwenye maghala na viwanda vya nyama, kazi za kusimama, nyingine za usiku kucha. Lakini walikwenda na bibi, na shangazi, na watoto sita, na wakakuta wenzao wa kambini wametangulia. Jumapili ibada ni kwa Kiswahili, kwaya inafanya mazoezi sebuleni, mtu anasukwa nywele huku mwingine anapokea simu kutoka Uvira, huko Kongo, kwa sauti ya kumfikia aliyepiga hata bila simu. Mtoto katika nyumba hiyo hana pa kukikwepa Kiswahili. Ninyi mlikwenda mmoja mmoja au wawili wawili, kwa mwaliko wa kampuni, mkapangishiwa nyumba nzuri yenye utulivu. Huo utulivu mnaousifu ndio unaowanyima watoto.

Najua kinachowafunga si tamaa peke yake. Aliyeko Marekani kwa viza ya kazi ya H-1B akiachishwa kazi hupewa muda usiozidi siku 60 apate mwajiri mwingine au abadili hadhi yake, la sivyo afungashe yeye, mwenzi wake na watoto. Mtu wa namna hiyo akiitwa na bosi saa nne za usiku hawezi kujibu kwamba anamlaza mtoto. Huyo nampa pole, simpi lawama. Lakini aliyekwisha kupata makazi ya kudumu, mkataba wake hauna mwisho, na bado anauitikia kila mlio wa simu kama mtu wa siku 60, huyo nina neno naye. Hofu ilimfaa alipokuwa mgeni. Sasa imekuwa mazoea, na gharama ya mazoea hayo anailipa mtoto asiyejua viza ni kitu gani.

Halafu kuna jambo ambalo nikilifikiria hupoteza usingizi. Nchini Uswidi wazazi hupewa siku 480 za likizo ya malipo kwa kila mtoto, na katika hizo, siku 90 ni za kila mzazi peke yake: baba asipozichukua zimepotea, hawezi kumhamishia mama. Mtoto akiugua, zipo siku nyingine za malipo za kubaki naye nyumbani. Ujerumani mzazi anaweza kukaa na mtoto hadi miaka mitatu kazi yake ikiwa imelindwa, na fedha za malezi hulipwa hadi miezi 14 baba na mama wakigawana. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 na baba siku tatu. Tatu tu, ndani ya wiki ile ya kuzaliwa. Mimi niliyeishi chini ya hizo tatu, nikisikia kijana wa Kitanzania ameziacha siku 90 za Stockholm zipotee ili aonekane mchapakazi, nabaki kujiuliza alisomea nini.

Baadhi ya wazee wenzangu wanachangia. Wakisikia mwanamume amekaa miezi mitatu nyumbani akibadilisha nepi, husema amelishwa limbwata. Wasikilizeni kwa adabu, waitikieni, kisha chukueni likizo.

Mtaniambia kazi ya programu haisubiri. Nami nimeulizia. Linus Torvalds alianzisha Linux mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, na mwaka 1997 akahamia Marekani pamoja na mkewe na binti yao mchanga. Wakazaa wengine wawili hukohuko. Naye basi ni mgeni aliyelea ugenini huku akiandika programu. Alivyowalea si juu yangu kusema. Ninachokitaka ni namna kazi yake inavyokwenda. Kiini cha Linux kinaendesha sehemu kubwa ya seva za dunia na kimo ndani ya kila simu ya Android, hata hii yangu yenye kioo kilichopasuka. Kinajengwa na maelfu ya watu walio katika mabara mbalimbali, kwa kuandikiana barua pepe, na toleo jipya hutoka kila baada ya wiki tisa au kumi. Barua pepe hungoja mtu aamke. Basi kama kitu kikubwa namna hiyo kinajengwa kwa barua zinazongoja asubuhi, mfumo wa kampuni yenu wa kuuzia viatu nao unaweza kungoja mle chakula cha jioni.

Sikatai kwamba ziko zamu za kweli. Mfumo wa hospitali au wa benki ukianguka usiku, watu wanaumia, na aliye zamu lazima aamke. Amka, fanya kazi yako kwa heshima. Ila mwambie mtoto mapema: wiki hii simu hii ni ya kazi, ikilia nitaondoka. Mtoto anaelewa zamu. Watoto wa wauguzi wa hospitali yetu ya misheni hapa Kabanga wameelewa zamu tangu utoto. Asichoelewa ni zamu isiyokwisha. Wiki ya pili simu ile iwe kweli si ya kazi, ikae kabatini, naye aione imekaa kabatini.

Na mwingizeni kwenye kazi yenyewe. Mketishe pembeni, mwonyeshe kosa dogo lililokusumbua tangu asubuhi, alama moja uliyoisahau ikauangusha mfumo mzima. Watoto hufurahi sana kusikia mtu mzima ameteswa na kitu kidogo. Mwelezee kwa Kiswahili. Mtahangaika kwa maneno mwanzoni, maana kazi yenu mnaijua kwa Kiingereza tu, lakini programu, seva, mtandao na hitilafu ni maneno mliyonayo tayari, na penye upungufu mtoto mwenyewe atatunga. Nimewaona watoto wakitunga maneno bora kuliko ya kamati.

Wanaume, niwaambie jambo la peke yenu. Nyumba nyingi za ughaibuni ninazozijua, baba anaandika programu na mama ni muuguzi au mlezi wa wazee, anaingia zamu ya usiku na kutoka alfajiri. Kwa kuwa baba anafanyia kazi nyumbani, watu hudhani mtoto ana mzazi mchana kutwa. Hana. Ana mtu aliyemfungia mlango akiwa kwenye mkutano. Mama anarudi hajalala, anakuta mtoto hajaoga na vyombo viko vilevile, na baba anasema alikuwa kazini. Mkeo hakuolewa na kampuni yako. Na ninyi binti zangu mnaoandika programu wenyewe, ambao mnafanya hiyo kazi ya kimya na bado mnatazamiwa mpike, mlee na mpokee simu zetu za huku, nawaomba msione haya kugawa kazi za nyumbani waziwazi, kwa karatasi iliyobandikwa ukutani kama ikibidi. Mume akinuna, atazoea.

Wengi mkielemewa mnafikiria kumwita bibi. Ni wazo jema, lakini lifanyeni kwa heshima. Ulaya ya Schengen inampa mgeni siku 90 ndani ya kila siku 180. Marekani kwa kawaida humruhusu mtembezi hadi miezi sita. Mama wa miaka 67 aliyezoea kuamka, kufungua mlango na kukuta watu, ataletwa mwezi wa kwanza, theluji imejaa, afungiwe ndani na mtoto mchanga kuanzia saa mbili hadi saa kumi na moja, hajui kuendesha lifti, hajui kumwita daktari. Huyo mmemgeuza yaya asiye na mshahara. Mwiteni mwezi wa tano, mtembezeni, mkutanisheni na bibi wengine wa Kiswahili walioko mjini, muwe mnamrejea jioni kumsikiliza. Akitaka kumfundisha mtoto Kiha, mwacheni. Akikijua Kiha atasikilizana na Mrundi pia, na hiyo ni faida bila gharama.

Fedha nayo ni sehemu ya habari hii, na hapa nasema na ndugu zangu wa huku kwa sauti ya kusikika. Kijana anafanya kazi ya kampuni mchana, kisha usiku na Jumamosi anachukua vibarua vya mtandaoni. Ukimwuliza kwa nini, kuna nyumba inajengwa Murubona, kuna ada za wapwa, kuna harambee ya arusi ya mtu asiyemfahamu. Kila bati analotuma limekatwa kwenye saa za mtoto wake. Nyumba za namna hiyo nazipita kila niendapo Kasulu mjini: geti zuri, madirisha ya vioo, na ndani anaishi mlinzi. Jengeni polepole. Ikichukua miaka kumi na miwili, na ichukue. Anayewaambia mna roho mbaya kwa sababu mmekataa kibarua cha Jumamosi, mwelekezeni kwangu.

Na iko siku moja ambayo mtakutana nayo mkitaka msitake. Sheria yetu ya Uraia ya mwaka 1995 haimruhusu mtu mzima kushika uraia wa Tanzania pamoja na wa nchi nyingine. Mtoto wenu aliyezaliwa ng'ambo na kupata uraia wa huko anaweza kukaa na yote mawili akiwa mdogo, lakini akifika miaka 18 atatakiwa kuchagua. Watu wanabishana kama sheria hiyo ni nzuri au mbaya, na mimi nina maoni yangu, ila si ya leo. La leo ni kwamba siku hiyo mtoto ataulizwa kuhusu nchi. Kama Tanzania kwake ni picha iliyo ukutani na mzee anayepiga simu kwa lugha asiyoielewa, atachagua kwa dakika moja, na hatakuwa amekosea. Hamtakuwa mmempa cha kumfanya asite.

Kwa hiyo mleteni. Mwezi wa saba, shule nyingi za huko zikiwa zimefungwa, huku ni kiangazi: maharage yameshavunwa, njia ni kavu, usiku kuna baridi ya kutosha kuota moto. Ndege za kutoka Dar es Salaam zinatua Kigoma, na kutoka Kigoma hadi Kasulu ni lami. Msitoe tena kisingizio cha umeme. Gridi ya Taifa imeshatufikia tangu mwaka 2022, na jenereta za dizeli mlizozizoea zimezimwa. Kazi yenu njooni nayo kama hamwezi kuiacha, fanyeni asubuhi, mradi mtoto ashinde nje na wenzake. Wiki ya kwanza atalia na kutaka chipsi. Ya pili atanyamaza na kusikiliza. Ya tatu ataanza kujibu. Tiketi za ndege za mwezi huo hupanda bei mapema, kateni sasa, na mkishakata nipigieni simu nimwambie bibi yao aandae chumba.